Kizibo kipi kitashika jino lako? Kompositi, ayonoma na amalgamu zikilinganishwa

Mama mmoja wa Mtongwe, ng'ambo ya feri hapa Mombasa, aliniletea mimi daktari wake wa meno kizibo chake kwenye karatasi ya shashi, kimekunjwa vizuri kama mtu anavyokunja kipini cha dhahabu. "Mwanangu," akaniambia, "niliambiwa hiki kitanizika. Hakijamaliza hata miezi minne." Nikakigeuza chini ya taa. Upande wa juu kilikuwa kizima, cheupe, hakina ufa, na mabonde ya kutafunia yalikuwa bado yameonekana kama siku yalipochongwa. Upande wa chini kilikuwa laini, kinang'aa kama kigae cha chooni. Kizibo chenyewe hakikuwa na kosa. Kilichoshindwa ni mshiko wake kwenye jino.

Wengi wanaokuja kuziba jino huuliza mambo mawili, bei na rangi. Wala siwalaumu, kila mtu anapenda jino lake lifanane na mengine, na kila mtu ana mfuko wake. Lakini jambo linaloamua kama utavuka feri tena miezi minne baadaye ukiwa na kizibo mkononi ni jingine: kitu hiki kitashika nini, na kitashikaje? Vifaa vitatu vinavyotumika sana kuzibia meno vinashika kwa njia tatu zisizofanana hata kidogo. Ukizielewa, uchaguzi unakuwa mwepesi, na mara nyingine utaona kwamba ile nyeupe uliyoitamani si yako, au kwamba ni yako lakini si leo.

Jino lina kuta mbili

Nje kuna enameli. Kwa uzito, kama asilimia 96 yake ni madini. Ni ngumu kuliko mfupa na karibu ni kavu kabisa. Ndani yake kuna dentini, na hii ni kitu kingine: takriban asilimia 70 madini, asilimia 20 nyuzi za protini iitwayo kolajeni na vitu vingine hai, na asilimia 10 maji. Tena dentini imejaa vijia vyembamba vinavyotoka kwenye kiini cha jino, penye neva na damu, na ndani ya vijia hivyo maji yanasukumwa kuelekea nje saa zote. Karibu na enameli kuna vijia kama 20,000 katika milimita moja ya mraba. Karibu na kiini vinafika 45,000 na kuzidi, na kila kimoja ni kipana zaidi. Ndiyo kusema, kadiri tundu lilivyo refu ndivyo ukuta unavyozidi kuwa chepechepe.

Aliyewahi kusimamia fundi wa plasta ananielewa. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na jiwe lile lina vishimo vyake, kwa hiyo chokaa inaingia ndani na kuuma. Ukuta wa saruji uliosawazishwa ukateleza, fundi hana budi kuugongagonga kwanza ndipo apige plasta, la sivyo itabanduka kama gamba. Na ukuta ambao ndani yake kuna bomba linalovuja haupokei plasta mpaka ujue la kufanya na yale maji. Enameli ni ule ukuta mkavu unaohitaji kugongwagongwa. Dentini ni ule wenye bomba.

Kwa hiyo ukiwa unalinganisha vifaa, angalia kwanza tundu lako limezungukwa na nini. Likiwa na ukingo wa enameli pande zote, karibu kila kitu kitakufaa. Likiwa limeshuka hadi kwenye ufizi, ambako enameli imekwisha na kilichobaki ni dentini na mzizi, hapo ndipo vifaa vinapotengana.

Amalgamu inabanwa, haigandi kwenye jino

Hii ndiyo ile ya rangi ya fedha, ambayo wazee wetu wengi wanayo mpaka leo. Karibu nusu yake ni zebaki, na iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Haishiki jino kwa gundi yoyote. Daktari huchonga tundu liwe jembamba mdomoni na pana ndani, kisha hushindilia, ikiganda haina pa kutokea. Ni kama kabari.

Ubaya wake uko hapo hapo: ili ibanwe, lazima hata sehemu ya jino isiyooza ichongwe. Uzuri wake ni kwamba haijali sana mate, na inavumilia kutafuna kwa miaka mingi. Sitaitetea wala kuitukana. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka matumizi yake yapunguzwe kwa sababu ya zebaki, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu akiona hakuna budi. Umoja wa Ulaya umeiacha tangu Januari 2025. Kama unayo mdomoni na haijavuja wala kupasuka, usiende kuitoa kwa ajili ya rangi tu. Kuichimba ndiko kunakorusha mvuke wa zebaki, na jino linapungua zaidi.

Ayonoma inashika yenyewe

Ayonoma ya kioo ilibuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent, katika maabara ya mkemia wa serikali ya Uingereza, na ikatangazwa mwaka 1972. Ni unga wa kioo chenye floraidi unaochanganywa na asidi ya poliakriliki. Asidi hiyo inapogusa jino, mikono yake midogo inashikana na kalsiamu ya jino lenyewe. Haihitaji gundi, haihitaji taa ya kuigandisha. Daktari husafisha tundu kwa asidi nyepesi ya aina hiyo hiyo kwa sekunde kama 10 hadi 20, anaosha, anapangusa maji yaliyozidi, anaweka.

Jambo ninalolipenda kuhusu ayonoma ni kwamba maji si adui wake. Nayo ina maji ndani. Dentini yenye unyevunyevu haiitishi, na floraidi iliyomo hutoka polepole na kusaidia ukingo wa jino usioze upya. Ndiyo maana ilifaa katika ile mbinu ya kuziba meno bila mashine, ambapo daktari anakwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kujaza ayonoma papo hapo, hata chini ya mwembe. Mbinu hiyo ilianzia hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, na leo inafundishwa duniani kote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu.

Udhaifu wake usifichwe. Nguvu ya mshiko wake ukiipima kwa mashine ni ndogo, megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) chache tu, ilhali kompositi iliyogundishwa vizuri kwenye enameli inapita 20. Tena yenyewe ni dhaifu ikivutwa au kupigwa pembeni. Inalika. Ukiijaza kwenye gego kubwa la mtu anayesaga meno usingizini, itachakaa au kuvunjika ukingoni. Na rangi yake ni nyeupe iliyofifia kama chaki, haina ule uhai wa jino. Kuna aina iliyotiwa resini kidogo, yaani plastiki inayoganda, ambayo ina nguvu zaidi na inagandishwa kwa taa. Kwangu hiyo ndiyo chaguo la kwanza kwa matundu ya shingoni mwa jino, pale karibu na ufizi.

Kuna jambo la kushangaza kidogo: katika matundu hayo ya shingoni, ayonoma yenye mshiko dhaifu kwa kipimo cha mashine hudumu sana, mara nyingi kuliko kompositi yenye mshiko mkubwa. Mshiko wa kikemia hauchoki haraka kwa maji, na ayonoma haivuti kuta zake kwa nguvu inapoganda.

Kompositi bila gundi yake si kitu

Sasa ile nyeupe inayotamaniwa. Kompositi ni resini iliyojazwa chembechembe za kioo. Resini yenyewe, inayoitwa Bis-GMA, ilitengenezwa na Rafael Bowen huko Marekani, akapata hataza yake mwaka 1962. Chembe za kioo ndizo sehemu kubwa ya uzito wake, na ndizo zinazoipa ugumu na rangi. Inapendeza, inachongeka, ina nguvu ya kutafuna, na haihitaji sehemu ya jino isiyooza kukatwa. Lakini ukiiweka kwenye jino lililo wazi, bila maandalizi, itatoka siku hiyo hiyo. Resini haipendi maji, na jino limejaa maji. Baina yao lazima awepo mshenga.

Mshenga huyo alianza kupatikana mwaka 1955, pale Michael Buonocore wa Rochester, New York, alipopaka enameli asidi ya fosforiki, wazo alilolichukua kwa mafundi waliotumia asidi kuandaa chuma kabla ya kupaka rangi. Asidi ilikula enameli kidogo sana, ikaacha vishimo visivyoonekana kwa macho, na resini ikaingia humo na kugandia. Siku hizi tunatumia jeli ya asidi ya asilimia 35 hadi 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Ikioshwa na kukaushwa, enameli inakuwa nyeupe isiyong'aa, kama ukuta uliopakwa chokaa. Ukiona hivyo, iko tayari.

Kwenye dentini mambo yalichelewa. Takao Fusayama wa Japani alithubutu kuipaka asidi dentini mwaka 1979, wakati wengine waliogopa kuua kiini. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi akaonyesha kinachotokea: asidi inaondoa madini na kuacha nyuzi za kolajeni zikielea, resini inapenya baina ya nyuzi hizo, ikiganda inafanya tabaka jipya ambalo nusu ni jino na nusu ni resini. Unene wake ni maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Kizibo chako chote cheupe kinaning'inia kwenye utando huo.

Kuna tatizo la pili ambalo mgonjwa halioni. Kompositi ikigandishwa inasinyaa, kama asilimia 2 au 3 ya ujazo wake. Katika tundu la juu ya gego, inashikwa na kuta tano na ina uso mmoja tu ulio huru, kwa hiyo inapojivuta inavuta kuta zote tano kwa pamoja. Ukuta ulioshikwa vibaya ndio unaoachia. Ndiyo sababu daktari mwangalifu anaweka tabaka la milimita 2, anamulika, anaweka jingine, anamulika tena. Zipo kompositi za kisasa zinazokubali milimita 4 kwa mara moja, na nazitumia, lakini si kisingizio cha kushindilia tundu zima na kumulika mara moja tu.

Gundi tatu, na ipi ya kuamini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kizibo cha yule mama kilipofia. Pia ndipo wagonjwa hawaulizi kabisa, kana kwamba gundi ni siri ya daktari.

Gundi ya kwanza ni ya kuparuza na kuosha. Asidi inapakwa kwenye enameli na dentini, inaoshwa, kisha praima, kimiminika cha kuandaa jino lipokee gundi, na gundi yenyewe vinafuata. Kwenye enameli hakuna inayoishinda. Kwenye dentini inadai mkono wa mtu aliyetulia. Asidi isikae zaidi ya sekunde 15. Baada ya kuosha, ukipuliza hewa mpaka dentini ikauke kabisa, zile nyuzi za kolajeni zinalala kama nywele zilizotoka majini, resini haipati pa kuingia. Ukiacha maji mengi, resini inaelea juu yake. Inatakiwa ibaki na unyevu wa kung'aa tu, bila dimbwi. Mgonjwa aliyekaushwa mno hurudi baada ya siku mbili akisema dafu la baridi linamchoma mpaka sikioni, au akibonyeza ugali upande ule jino linaruka.

Gundi ya pili inajiparuzia yenyewe. Asidi yake ni hafifu na iko ndani ya gundi, haioshwi. Inapoyeyusha madini, papo hapo resini inajaza. Nafasi ya kukosea unyevu inapungua, na maumivu ya baadaye pia hupungua. Zile nzuri zina molekuli iitwayo MDP, iliyotoka Japani katika kampuni ya Kuraray, ambayo inashikana na kalsiamu kikemia na kupanga matabaka yasiyoyeyuka kirahisi. Pungufu lake ni enameli: asidi hafifu haiiparuzi vya kutosha, hasa enameli ambayo haijaguswa na mashine. Ukingo unaanza kuingia doa. Kwa mtu anayekunywa kahawa chungu jioni na kula mabuyu mekundu, doa hilo linajichora kama mstari wa kalamu.

Ya tatu ni gundi ya matumizi yote, iliyoanza kuingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nayo kwa kawaida ina MDP, na daktari anaweza kuitumia kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Mimi nimetulia kwenye njia ya kati: asidi ya fosforiki kwenye ukingo wa enameli peke yake, naiosha, kisha gundi hii kila mahali, nikiisugua kwa brashi ndogo kwa sekunde 20 badala ya kuipaka tu. Naipuliza mpaka isitingishike tena, ndipo namulika. Enameli inapata asidi kali inayoitaka, dentini inapata ile ya upole. Nikilazimishwa kuchagua moja kwa ajili ya mji huu, ni hii.

Nasema mji huu kwa sababu hali ya hewa yetu inaingia mpaka kwenye chupa. Gundi nyingi zina asetoni au alkoholi ndani. Chupa ikiachwa wazi dakika chache katika joto la Februari la Mombasa, kiyeyushi kinaruka na kinachobaki kinanata bila kupenya. Mimi huziweka kwenye friji, naitoa mapema irudie joto la chumba, natia tone moja wakati wa kutumia, na kufunga kifuniko hapo hapo. Kisha kuna kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na tangi la kompresa lisipomwagwa maji kila asubuhi, ile hewa daktari anayoikaushia jino inakuja na matone. Fundi wetu wa kompresa alinifundisha kuipuliza kwanza kwenye kioo kidogo cha mdomoni. Kioo kikipata ukungu wa matone, sigusi gundi.

Na mate. Tone moja la mate juu ya enameli iliyoparuzwa linafunika vile vishimo kwa utando wa protini, na kazi yote ya asidi imepotea. Damu ya ufizi ni mbaya zaidi. Kinachozuia ni pazia la mpira linalotandazwa na kubanwa kwenye jino, lenye tundu la jino kutokeza. Wagonjwa wengi hawalipendi mara ya kwanza. Pamba na bomba la kufyonza vinaweza kutosha kwa jino la juu la mbele. Kwa gego la chini la nyuma, karibu na ulimi na chemchemi ya mate, ukitaka kompositi bila pazia unajitafutia safari ya pili.

Basi, wewe uchague nini?

Jino la mbele lililokatika pembe, kijana kaanguka na baiskeli au kafungua chupa ya soda kwa meno: kompositi, na usisite. Enameli iko nyingi, mahali panakauka vizuri, na rangi ni ya lazima. Ayonoma hapo itavunjika, amalgamu haina hata pa kubanwa.

Tundu dogo la juu ya gego, ukingo wote enameli: kompositi yenye pazia la mpira. Ikiwa daktari hana njia ya kulikausha jino, au umeme umekatika na taa yake imeishiwa chaji, ni heri ayonoma iliyowekwa vizuri kuliko kompositi iliyowekwa kwa bahati nasibu. Baadaye ayonoma hiyo inaweza kupunguzwa juu na kufunikwa kwa kompositi.

Mtoto wa miaka sita asiyetulia kitini, gego la utotoni: ayonoma. Kompositi inataka dakika nyingi za mdomo mkavu ambazo hatakupa. Jino lenyewe litang'oka akiwa na miaka kumi na kitu, huhitaji kizibo cha kudumu milele. Nimewaona kina mama wanaoona haya kuchagua ya bei nafuu kwa mtoto. Kwa jino hilo, ya nafuu ndiyo inayofaa.

Mzee mwenye kisukari, au anayetumia dawa zinazokausha mdomo, ambaye meno yameanza kuoza kwenye shingo na mizizi: ayonoma, hasa ile yenye resini. Hakuna enameli ya kuparuza pale, na anahitaji ile floraidi. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetafuna muguka na peremende mchana kutwa. Uozo wake unapita kando ya ufizi jino baada ya jino, na kumwekea kompositi ghali kabla hali ya mdomo haijabadilika ni kumwaga pesa yake baharini.

Wapo ambao wanafaa kompositi lakini lazima wasubiri au waseme jambo kwanza. Bi harusi aliyeng'arisha meno kwa dawa ya kuyafanya meupe, kisha anataka kuziba pengo la mbele kesho yake: oksijeni iliyobaki ndani ya enameli inazuia resini kuganda. Asubiri wiki mbili. Pangeni kabla ya kupika hina. Na aliyekulia Nakuru au kwingineko katika Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana floraidi nyingi, mwenye madoa ya kahawia: enameli ile inaikataa asidi, inahitaji kukwanguliwa kidogo na kuparuzwa muda mrefu zaidi. Mwambie daktari ulikokulia, usidhani ataliona.

Halafu kuna karafuu. Hapa kwetu jino likiuma usiku, mafuta ya karafuu ndiyo ya kwanza kutiwa, na yanatuliza kweli. Kilichomo, yujenoli, ndicho kilichomo pia katika dawa nyeupe ya muda ambayo zahanati nyingi huweka ukisubiri miadi. Lakini yujenoli inaizuia resini kuganda. Ukija kuzibwa kwa kompositi na jana usiku ulijaza pamba ya karafuu kwenye tundu, sema. Daktari atasafisha kwa uangalifu zaidi, au ataweka ayonoma kwa sasa, kwa kuwa hiyo haigandi kwa njia ya resini. Wengi wanaona haya kutaja dawa ya nyumbani mbele ya daktari. Hakuna haya hapo, ni habari anayoihitaji.

Kuhusu bei, kwa kawaida kompositi ndiyo ghali kwa sababu ya vifaa na muda. Muda ndio hasa unaoununua. Ukiona kompositi ya gego kubwa imemalizika kwa dakika kumi, tangu asidi hadi kung'arisha, ujue kuna hatua iliyorukwa, hata kama umepunguziwa bei.

Ukiwa bado umekaa wima

Kabla kiti hakijalazwa, uliza: ukingo wa tundu langu una enameli pande zote? Utalikaushaje jino? Utaparuza enameli kwa asidi, au gundi yako inajiparuzia? Utaweka matabaka mangapi? Daktari mzuri hatakasirika. Mimi hufurahi mgonjwa akiniuliza hivyo, kwa sababu najua hatalalamika nikimwekea pazia la mpira. Taa nayo inastahili kutazamwa: mwanga wake wa buluu, wa mawimbi ya karibu nanomita 470, ndio unaoamsha resini, na ncha ya taa yenye mabaki ya kompositi yaliyoganda inamulika nusu nusu. Ncha safi unaiona hata ukiwa mgonjwa.

Yule mama wa Mtongwe, nilipomwangalia, tundu lake lilikuwa upande wa nyuma wa gego la chini. Ukingo wake wa juu ulikuwa enameli nzuri, lakini chini ulikuwa umezama kwenye dentini usawa wa ufizi, na ufizi ulikuwa umevimba, ukiguswa unatoa damu. Kompositi peke yake ilikuwa imegundishwa pale kwenye damu. Sikuziba siku ile. Nilisafisha ukoga, nikaweka dawa ya muda isiyo na karafuu ndani yake, nikamwonyesha namna ya kupitisha uzi baina ya meno, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi ufizi ulikuwa wa waridi na haukutoa damu. Tulitandaza pazia la mpira, akalalamika kidogo, akazoea. Chini, kwenye dentini, niliweka ayonoma yenye resini. Juu yake, baada ya kuparuza enameli na kusugua gundi, nikaweka kompositi tabaka kwa tabaka. Kila kifaa kikakaa kwenye ukuta wake. Nilimwambia asitafunie upande ule hadi kesho, kwa kuwa ayonoma inaendelea kukomaa kwa saa 24, na nikamwandikia tarehe ya kuja kutazamwa baada ya miezi sita. Amekuja mara mbili tangu hapo, na kila mara nimepitisha uzi pale chini ya ukingo, umetoka mzima bila kuchanika.